Sahihi ya Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Kaka amekubali kuniuzia nyumba yake, ile yenye karakana uani! Kwaheri kibanda cha kupanga, nitachomelea mageti kwangu mwenyewe. Nilipotaja wakili akapiga meza, chai ikamwagika. Wakili wa nini, mdogo wangu, kwani mimi mwizi? Nikamwambia mali bila daftari hupotea bila habari. Akaondoka bila kuaga.

Jumatano, 6 Machi

Wakili ni mama mfupi, sauti ya chini. Kasema yeye ni wa mnunuzi tu, Kaka atafute wake. Kaka akamporomoshea matusi. Halafu likaja kubwa — nyumba ni ya mume na mke, kwa hiyo mke naye aridhie, atie sahihi mbele ya wakili, peke yake. Kaka akasema mke wake hasomi karatasi, anamsoma yeye. Nikacheka, huo ndio mzaha wake wa siku zote. Wakili hakucheka.

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji aliingia, mlango ukafungwa. Sisi tuko kwenye benchi, Kaka anavunja vidole. Akatoka hajatia sahihi. Kumbe alidanganywa kwamba nyumba inapangishwa tu!

Kaka hakungoja tufike nje. Pale pale kwenye ngazi — ngumi ya mdomo. Shemeji akaanguka, Kaka akamkanyaga mbavu. Nikamkamata kwa nyuma, akanipiga kwa kisogo, pua ikapasuka. Mlinzi wa jengo ndiye aliyemtoa, kwa rungu. Shemeji akatema jino kiganjani, akalitia kwenye mkoba kama chenji.

Nimemleta kwangu. Mke wangu amemwosha damu, na mimi hanisemeshi. Kanirushia neno moja tu: ulimuuliza lini mama mwenye nyumba? Sikumuuliza. Namwonea huruma Shemeji, na nyumba bado naitaka. Naona aibu kuandika hivyo.

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi. Kaka yuko nje na nondo. Nondo yangu, kaitoa kibandani. Dirisha la sebuleni limekwisha. Mke wangu kajifungia chumbani na watoto.

Nimempigia wakili. Swali langu la kwanza: mauzo yatakufa? Kasema niite polisi, na sahihi ya mtu aliyetishwa haifai kitu. Polisi wanasema wako njiani. Naandika huku nikiwangoja.

Atie sahihi niondoke! Kila Kaka akisema hivyo, nondo inatua mlangoni. Bawaba ya juu imeng'oka.

Shemeji kakaa sakafuni, ubavuni kwangu, mdomo umevimba. Anasema, nipe hiyo karatasi, shemeji, nitie yaishe.

Sijamwambia alichosema wakili. Ninalo neno mdomoni na silitoi. Karatasi ya mauzo, niliyorudi nayo Ijumaa, nimeshaitoa kwenye droo, iko mapajani kwake. Sasa kanyoosha mkono, anataka kalamu, na kalamu ndiyo hii ninayoandiki—