Kiti cha Dirishani Katika Gari la Kaka Idrisa

Saint-Gilles, Brussels
Ijumaa alasiri

Wapambanaji wenzangu wa nyumba ya Mwanga, Dada Tatu na mdogo wangu Shabani,

Nawaita wapambanaji kwa kuwa katika suala hili sisi watatu tuko upande mmoja, na upande wa pili yuko kaka yetu Idrisa na gari lake. Dada, shikamoo. Shabani, marahaba, ingawa najua hujaniamkia. Hamjambo huko Kigoma? Goti la Dada limepata nafuu, au bado linapanda ngazi za shule kwa manung'uniko? Shabani, mtihani wa ufundi umepita salama? Na lile bati la jikoni lililokuwa likipiga kelele kila upepo ukivuma, limepigiliwa? Mimi ni mzima wa mwili. Masomo yanakwenda, chumba changu cha ghorofa ya nne kimeanza kuwa na joto la kiangazi, na wiki iliyopita niliwahutubia wanafunzi wa kigeni kuhusu ada zetu mpaka sauti ikanikauka. Lakini roho yangu haijatulia, na sababu mnaijua.

Mama yuko wiki ya tano Marekani kwa Idrisa. Kabla hajapanda ndege tulikubaliana sote, ninyi na Mama mbele ya sahani moja ya wali, mimi na Idrisa kwenye simu, kwamba wakati wa kurudi atapitia hapa na kukaa nami siku nne. Siku nne, baada ya miaka mitatu! Viza ameshagongewa kwenye pasipoti. Mimi nimeshaazima godoro kwa jirani yangu Maman Godé, nimeshanunua unga wa mahindi kwenye duka la Wakongo, na nimeshapanga kumpeleka Koekelberg, tupande kwa lifti mpaka chini ya kuba la lile kanisa kubwa, auone mji wote bila kuyasumbua magoti yake. Kisha Jumatatu Idrisa akanipa habari. Amekodi gari lenye nyumba nzima ndani yake, amempakia Mama pamoja na mkewe na binti yao Rehema, wanazunguka majangwa na makorongo na maziwa, na kwa kuwa safari imenoga, anataka kuiongeza wiki moja. Tiketi mpya haipiti Brussels. Inapitia mji mwingine, ambako Mama atakaa saa tatu kwenye kiti cha uwanja wa ndege, kisha ataruka juu ya kichwa changu kuelekea nyumbani.

Ndiyo maana Jumanne niliwatumia lile azimio la kulaani mwenendo wa Idrisa, na nikawaomba mtie sahihi. Mpaka leo hamjajibu. Je, kimya chenu ni kimya cha kukubali, au ni kimya cha watu walioahidiwa simu mpya kutoka Marekani?

Zitazameni picha alizotuma. Mimi nimezitazama zote kumi na saba, mpaka mwenye duka la intaneti akaniuliza kama ninanunua kiwanja huko. Gari lina jiko la gesi, lina choo, lina bafu, na juu ya kichwa cha dereva kuna kitanda. Pande zote mbili za barabara zimesimama kuta za mawe mekundu, ndefu kupita mnara wowote nilioupanda, zimekatwakatwa na maji na miaka kana kwamba kuna mtu alianza kujenga mji mkubwa akaghairi. Katika picha ya nne Mama anasonga ugali ndani ya gari, na nje ya dirisha lipo korongo ambalo mwisho wake hauonekani. Katika picha ya tisa amevaa soksi na kandambili, amesimama katikati ya vumbi jekundu na kucheka mpaka magego yanaonekana. Mimi ni mtoto wake wa kumzaa, nina miaka ishirini na sita, na magego ya Mama sijapata kuyaona!

Na hilo ziwa? Someni habari zake, ndugu zangu. Si ziwa! Ni mto uliozibwa kwa ukuta wa zege ukalazimishwa kutulia. Maji yenyewe yanapungua, na kwenye miamba yameacha mkanda mweupe kama ule wa karai la kuogea. Mama yetu, aliyezaliwa hatua mia mbili kutoka Tanganyika, ziwa ambalo hakuna binadamu aliyelichimba wala kulizuia, anasafirishwa kwenda kustaajabia maji ya kufungiwa! Wifi anaandika kwamba Mama aliuliza kama kuna dagaa. Akaambiwa kuna boti za starehe.

Hilo ningelivumilia. Nisilolivumilia ni picha ya kumi na mbili. Mnaikumbuka ile khanga ya njano yenye korosho nyeusi? Marehemu Baba alipokuwa akituchukua kwenye gari la idara ya maji kwenda Kasulu, Mama aliitandika kwenye kiti cha dirishani nyuma ya dereva, nikae mimi, kwa sababu kila kona ilinitapisha. Ninyi mlibanana katikati mkaninunia. Khanga hiyo imeonekana tena. Imetandikwa kwenye kiti cha gari la kukodi, dirishani, na hakuna aliyekikalia. Wameigeuza kitambaa cha kuzuia makombo ya biskuti! Kitu changu, alichokibeba Mama kutoka nyumbani, kinafuta vumbi la Amerika.

Nina wivu. Nimeliandika neno hilo na ninalitia sahihi yangu. Namwonea wivu Idrisa, namwonea wivu mkewe, nalionea wivu hata lile jiko la gesi, kwa kuwa limepikiwa ugali na Mama kabla ya jiko langu. Kesho nitampigia simu Idrisa na kumsomea azimio lote, kifungu kwa kifungu.

Jumamosi

Sikufuta niliyoyaandika jana. Yasomeni, mjue nilikuwa katika hali gani, kisha msome na haya.

Saa kumi na moja jioni nilikwenda kwenye duka la simu karibu na stesheni ya Midi, nikaingia kibanda cha tatu na azimio mkononi. Nilipiga simu ya Idrisa. Akapokea Rehema, ambaye sasa ana miaka sita na ana sauti ya hakimu.

"Shangazi, ndiyo wewe wa dirishani?"

"Dirishani wapi, mama?"

"Humu kwenye gari. Bibi anasema hapo ni pako. Nikikaa tu ananiambia, 'Toka hapo, Zuhura atatapika.' Lakini wewe haupo! Mtu hayupo, anatapikaje?"

Ndugu zangu, nimejibizana na wakuu wa vitivo na maofisa wa uhamiaji. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniuliza swali kama hilo.

"Na wewe unakaa wapi?" nikamuuliza.

"Katikati. Korongo lote mimi nimeona kisogo cha Baba tu." Akashusha pumzi ya mtu mzima. "Halafu Bibi akiona kitu kizuri anakiambia kiti chako. 'Zuhura mwanangu, liangalie jiwe lile.' Wewe humjibu. Mimi namjibu, hanisikii. Shangazi, mimi sikupendi."

Nilikwenda pale kudai haki yangu, na kumbe nipo ndani ya lile gari siku zote, nimekaa mahali pazuri kuliko wote, na kuna mtoto ananionea wivu kama ule ule ninaomwonea baba yake.

Idrisa akachukua simu. Nikaanza, "Kwa kuzingatia kwamba..."

"Zuhura, usinihutubie," akasema. "Mimi sikumteka Mama. Jumapili nilimpa simu akuulize mwenyewe. Alikuuliza, hakukuuliza?"

Najua ninyi sasa mnajiuliza kama kweli Mama aliniuliza, na hapa ndipo azimio langu linapovunjika mguu. Ndiyo, aliniuliza. Nililificha hilo nilipowaandikia Jumanne. Mama alisema, "Mwanangu, nikibaki huku wiki moja zaidi, nikarudi kwa njia nyingine, utaumia?" Nami, mbele ya wanafunzi wenzangu watatu waliokuwa wakikunja vipeperushi chumbani kwangu, nikamjibu, "Mama, usiahirishe furaha yako kwa ajili ya mtu mmoja. Hapa tuna kampeni ya ada. Maslahi ya wengi kwanza." Nilitaka akatae. Nilitaka aseme, acha upuuzi wako, nakuja. Akasema, "Haya, mwanangu. Umekuwa mkubwa."

Basi Idrisa alikata shauri kwa neno langu mwenyewe. Nilichokifanya ni kumfungulia mtu mlango kisha kumpigia kelele za mwizi.

Nilipokuwa nikirudi nilikutana na Maman Godé kwenye ngazi, ametoka kazini, maana huwaogesha wazee katika nyumba moja ya Koekelberg. Yeye ni mama wa Lubumbashi na godoro ni lake, hivyo nilimweleza kwamba huenda halitahitajika. Akaweka mifuko chini.

"Weye Zuhura, unasemaka mingi! Ku meeting unasema, mu escalier unasema. Bon. Maman yako anakuuliza: nikuye ao nisikuye? Alors weye unamujibia politique?"

"Sikutaka kumlazimisha, Maman."

"Kumulazimisha nini? Maman haiko parti, haiko chama. Ni muntu. Kama unamutaka, sema: namutaka. C'est tout." Akaokota mifuko, akapanda ngazi mbili, akageuka. "Na ile matelas, ile godoro, sitairudisha kwangu. Njo ya maman yako. Mi nangojea kumuona akule bukari yangu." Bukari ndio ugali wetu.

Nimekaa mezani tangu wakati huo, na hii ndiyo hatua niliyofikia. Azimio la Jumanne nimelifuta. Shabani, kama ulishalitia sahihi kwa kuniogopa, lichane. Idrisa hana kosa, ingawa wivu wangu kwake haujaisha na sitawadanganya kwamba utaisha. Kila nikiifikiria picha ya tisa unanipanda upya. Hata hivyo, tiketi mpya bado hajailipia. Atailipia Jumatatu. Ile ya zamani, inayopita hapa Jumatano, bado inatumika. Kesho wataegesha gari kando ya ziwa lao la zege, mahali ambapo simu inashika, na Idrisa amekubali kutuunganisha sote wanne pamoja na Mama.

Sitahutubia. Mtanishuhudia. Mama akija kwenye simu nitasema, "Mama, nakutaka. Njoo," kisha nitanyamaza, na kazi yenu ninyi ni kuhakikisha nanyamaza. Akiamua kubaki, atakuwa ameamua huku akijua. Lakini nimejifunza kwa Rehema kwamba mdai lazima naye aachie kitu, kwa hiyo nitamwomba Mama aikunje ile khanga na kumwachia mtoto dirisha kwa siku zote zilizobaki za safari. Nimekaa hapo vya kutosha. Mawe mekundu nimeyaona.

Nisalimieni shangazi yetu wa Ujiji, ambaye bado ananidai kuolewa. Nisalimieni mjomba mshona nyavu, na mumwambie kwamba huku samaki huuzwa wamekatwa vichwa. Nisalimieni ustadhi aliyenifundisha kusoma kwa sauti. Mwambieni sauti ninayo hadi leo, na ndiyo inayoniponza. Dada, goti lipake mafuta ya moto kabla ya kulala.

Ni mimi ndugu yenu, mwenye wivu na mwenye kuwapenda,
Zuhura

Dada, najua Jumapili asubuhi huwa unapita kwenye duka la intaneti, kwa hiyo utakuwa umeisoma barua hii kwa wakati. Mwamshe Shabani, chajini simu. Ajenda ni moja: Rehema apewe dirisha, mimi nipewe Mama. Tukutane leo hii mnayoisoma, Jumapili, saa kumi na mbili kamili jioni kwa saa ya Kigoma.