Dawa Haivunji Mfungo

Mwiki, Ruiru
Jumapili

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana, na naomba barua hii ikukute umeketi, mgongo umetulia. Baba hajambo? Yule ndama amesimama? Mimi ni mzima. Shangazi alitoka hospitali Thika jana na bado ni mnyonge. Naandika kwa sababu kwenye simu huwa naishia kusema "ndio, Mama," na leo siwezi kusema ndio. Nimekasirika.

Unajua magoti yake yalivyovimba tangu tuanze kuwafulia wanafunzi nguo kule Juja. Kila mara anapita duka la dawa hapa mtaani kununua tembe za maumivu. Muuzaji haulizi kitu. "Za kawaida, mathe?" "Za kawaida." Anazifunga kwenye karatasi isiyo na jina, basi.

Wiki jana kanisa likaanza mfungo. Shangazi akaacha chakula, lakini tembe akaendelea kumeza kwa maji matupu. Nikamwambia anywe hata uji kwanza. Akanicheka: "Umemaliza shule juzi tu, ushakuwa nabii? Dawa si chakula. Haivunji mfungo."

Alhamisi akatapika kitu cheusi, kama kahawa iliyobaki chini ya kikombe.

Daktari alikuwa msichana tu, amechoka. Alipouliza tembe alizimeza pamoja na chakula gani, Shangazi akaanza kujitetea hapo kitandani: "Nilikuwa nimefunga, daktari. Lakini dawa haivunji mfungo."

"Sawa, mama. Mfungo hukuvunja. Tumbo ndilo umelitia vidonda."

Alitueleza kwamba dawa hizo hutuliza uvimbe kwa kuzima kitu fulani mwilini, na kitu hicho hicho ndicho hulinda tumbo kwa ndani. Hata ukila, si za kumeza miezi na miezi bila kupimwa. Mwenye presha ndiye wa kuogopa zaidi, maana zinapandisha presha na kuumiza figo.

Mama, wewe una presha! Halafu jana, Shangazi hata kuketi hawezi, unapiga simu nikutumie tena "zile za Mwiki" kwa sababu mwezi ujao unaanza kufunga ili nipate nafasi ya chuo. Kwa ajili yangu! Nimemkasirikia muuzaji, nimemkasirikia mchungaji ambaye hakuuliza nani mgonjwa kabla ya kutangaza mfungo, na wewe pia. Unisamehe, lakini ni kweli.

Situmi. Zilizobaki usimeze hata moja. Nenda zahanati, waambie umezitumia tangu lini na kwamba una presha. Niombee ukiwa umekula. Mungu atasikia.

Msalimie Baba, na kaka Wekesa. Msalimie pia Kukhu, mama yake Baba, na umwulize taratibu kama naye huwa anameza hizo tembe, maana nyinyi wawili hugawana kila kitu. Akisema ndio, mwende naye.

Ni mimi binti yako, ninayekukatalia kwa mara ya kwanza,
Nafula