Kufuli la Bwana Harusi

Mjukuu wangu Veronika,

Marahaba. Hapa Mafiga sote tu wazima, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Unauliza kama ni lazima uifunge swichi kuu kwa kufuli lako kila unapotengeneza feni za hoteli, maana wenzako wanakucheka.

Siku ya harusi yetu kule Mkuyuni, msimamizi wa kiwanda alimfuata babu yako, fundi wao wa umeme, hadi ukumbini.

"Bwana harusi, swichi ya feni kubwa ya kupuliza hewa bado umeifunga kwa kufuli, watu wanaiva kwa joto. Tupe ufunguo!"

"Sitoi. Nyaya niliziacha wazi. Kufuli hufunguliwa na aliyelifunga."

"Basi tutalikata."

"Mtaua mtu. Twendeni!"

Tulipanda lori sote, tukiimba. Akiwa ndani ya suti, babu yako aliziunga nyaya, akahakikisha hakuna mtu ndani ya feni, ndipo akafungua kufuli. Upepo ulipolipeperusha shela langu, wafanyakazi walipiga vigelegele.

Shangazi yangu alininong'oneza, "Huyu anapenda feni kuliko wewe."

Nilicheka sana. Nilikuwa nimejionea kwamba nimeolewa na mtu atakayerudi nyumbani kila jioni.

Bibi yako, anayekungoja Pasaka.