Chumvi Nimeificha

Mama,

Uliondoka umenuna, na una haki. Nampeleka baba kwenye mashine ya kusafisha damu. Chumvi nimeificha, usiitafute.

Nilikufokea asubuhi alipoamka uso umevimba, nikasema unamuua kwa chumvi. Nisamehe. Nesi amepiga simu: madini ya zinki yamemshuka mno, ndiyo maana ulimi wake hauonji kitu. Miezi yote hii anakuuliza, “Mke wangu, leo umenipikia gazeti?” nawe unazidisha chumvi. Mapishi yako hayana kosa. Vidonge atapewa, ila nesi anasema huenda ladha isirudi tena.

Chakula chake kiko kwenye hotpoti. ~~Akikataa, mlazimishe.~~ Akikataa, kaa naye tu.

Akiuliza kama ni gazeti, mwambie ndiyo, la leo.

Binti yako