Picha ya Thelathini na Saba

Kitisuru,
4 Mei 2003

Kwa Baba,

Natumai ukiisoma hii umekula na umelala vizuri. Salamu zangu na za mama zikufikie huko Loki kwenye vumbi lako. Sisi hapa tuna baridi tu. Mama amesema niandike kwamba kifua kinapoa, kwa hivyo naandika hivyo. Bado anampikia mwenye nyumba chakula cha mchana, halafu anarudi huku kwetu chumba cha nyuma kulala.

Kamera niliipata, dereva wenu aliileta mpaka geti. Nafanya vile uliandika: jua mgongoni, pumzi ndani, usibonyeze mpaka mkono utulie. Nimepiga ukungu ukitoka bondeni asubuhi. Nimepiga kahawa iliyo ng'ambo ya mto, na vilima vya Ngong vikiwa vidogo kama ngumi ya mtoto.

Najua ulisema nimpige mama. Baba, naogopa kumwelekezea mtu kamera. Unajua hata shuleni jina likiitwa naitika kwa sauti ya panya. Miti hainiangalii.

Binti yako,
Wamucii

Lokichoggio,
19 Mei 2003

Wamucii wangu,

Nimeshukuru kusikia mko. Mimi sijambo, ni mgongo tu, na mgongo ni wa lori si wangu. Msalimie mama, mwambie asibebe maji.

Ngong umeiona vizuri. Lakini Ngong itakuwa pale hata mwaka ujao. Filamu ni hiyo moja, picha thelathini na sita, na huku hakuna duka la kukununulia nyingine. Niwekee tano za mama. Mimi na Mbuthia tumepiga picha nusu ya watu wa Ngara pale studio yake kabla sijashika usukani, na ya mke wangu sina hata moja, isipokuwa ile amejificha na mwavuli. Kila nikimwambia akae ananiambia, "Ngoja kwanza ninenepe." Sasa daktari alisema vile alisema, na mimi siachiliwi kwenda likizo mpaka Agosti.

Ikisafishwa, mpe Mbuthia aikuze. Usiitundike karibu na dari kama watu wanavyofanya, mgeni anavunjika shingo. Iwe usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Na isitazamane na dirisha, jua litamla uso.

Ni mimi baba yako,
Ephantus

Kitisuru,
22 Juni 2003

Kwa Baba,

Hujambo? Sisi tunaendelea. Mama hapiki tena, mwenye nyumba amemleta mtu mwingine.

Mama alikaa Jumapili iliyopita, nafikiri amekuandikia mwenyewe. Nilibonyeza. Filamu nimepeleka Ngara kwa Mbuthia. Mama amepigilia msumari ukutani mbali na dirisha, na anauliza kila jioni kama picha imetoka.

Sina mengi.

Binti yako,
Wamucii

Lokichoggio,
2 Agosti 2003

Wamucii wangu,

Nilifika salama. Siku tatu walizonipa za kumzika mama yako, badala ya likizo ya Agosti, ziliishia barabarani na makaburini. Natumai shangazi yako, Tata Waithera, anakulisha vizuri huko Kilimani, na kwamba vitu vyetu vyote vilitoka Kitisuru kabla ya mwisho wa mwezi.

Nikifunga macho naona ile picha juu ya jeneza. Picha ya kitambulisho, imekuzwa mpaka uso umekuwa nukta nukta, na ule mhuri umekata kidevu. Alikuwa na miaka kumi na tisa pale. Nusu ya watu waliokuja hawakumtambua.

Na alikuwa amekaa. Mgonjwa ameamka, amevaa, amekaa, na Mbuthia akaiharibu filamu. Sijutii nilivyomwambia mbele ya watu. Nilimwambia aondoke kabla udongo haujarudishwa, na uliona mwenyewe, alishika kofia akaenda. Miaka kumi na minane tumekula sahani moja. Nasikia wale wa kanisani wameanza kupeleka picha zao kwingine. Sawa tu. Usipite kwake tena.

Baba yako

Kilimani,
30 Agosti 2003

Baba,

Sijui kama nina haki ya kukuuliza hali. Nitauliza tu: hujambo? Mimi mwili haujambo.

Mbuthia hakuharibu kitu. Filamu ilitoka safi, zote thelathini na sita. Ukungu, kahawa, Ngong, mawingu, ua la jirani. Mama hayumo hata kwa moja. Nilizimaliza Jumamosi. Ile ya mwisho nilipiga tangi la maji, baba. Tangi.

Jumapili mama alirudi kutoka kanisani akiwa na ile sare ya kina mama, akajipaka mafuta, akasema, "Haya, nipige. Leo najisikia mtu." Filamu ilikuwa imeshatoka, iko kwenye mfuko wa sweta yangu. Nilitaka kusema imeisha. Neno lilikuja mpaka kwenye meno likakaa hapo. Nikainua kamera tupu nikabonyeza.

Nilipoenda kuzichukua Mbuthia aliziangalia zote mbele yangu. Akauliza, "Na mama yako yuko wapi hapa?" Nikaanza kulia. Akafunga bahasha, hakuniuliza tena.

Siku ya mazishi uliponishika bega ukauliza picha iko wapi, nilisema imeharibikia studio. Nilidhani utasikitika tu. Sikujua utamfuata. Ulipokuwa unamfokea aliniangalia mara moja, halafu akaangalia chini. Mimi nilikuwa nimeshika shada la maua, na nikanyamaza. Kama unataka kuniacha hapa kwa Tata nitaelewa.

Wamucii, binti yako

Lokichoggio,
11 Oktoba 2003

Wamucii,

Mzima? Mimi nipo.

Nimekaa na barua yako wiki tano. Mara mbili niliandika nikachana, kwa sababu yalikuwa maneno ambayo mtoto akishayasoma hayafutiki. Sitakudanganya kwamba hasira imeisha.

Nilimpigia Mbuthia na simu ya kambi. Nikamwambia nimejua. Akasema, "Mimi nilijua tangu Juni." Nikamuuliza mbona ukakubali nikuvue nguo mbele za watu. Akasema, "Ephantus, mtoto alikuwa anazika mama yake. Ulitaka nifanye nini?" Nikaomba msamaha. Akasema sawa. Ile sawa ya mtu anayetaka kukata simu.

Utaenda Ngara kwa miguu yako, na utasema kwa mdomo, si kwa karatasi.

Halafu kitu kingine. Siku ile mama yako alipokaa, ni wewe peke yako ulimwona kupitia kamera. Niandikie alikaa vipi. Mwanga ulitoka upande gani. Mikono aliiweka wapi. Usipambe.

Baba yako

Kilimani,
19 Oktoba 2003

Kwa Baba,

Salamu kutoka kwangu na kwa Tata.

Nilienda jana. Nilisimama mlangoni mpaka wateja wawili wakaisha. Nikasema. Mbuthia alisema, "Nimesikia," akaendelea kukata picha za pasipoti. Nikangoja kidogo, halafu nikaenda.

Mama alikaa nje ya mlango wetu, kwenye kile kiti cheupe cha plastiki. Ilikuwa saa saba na nusu. Mwanga ulitoka kushoto ukipitia majani, kwa hivyo shavu moja lilikuwa na madoa ya kivuli na lile lingine lilikuwa giza. Wewe ungemgeuza. Mimi sikumgeuza. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeshuka mpaka kwenye nyusi, na kola ilisimama mbali na shingo. Mikono aliiweka magotini, halafu akaificha kwenye mikunjo ya sketi, kwa sababu ya zile kucha zilizobadilika rangi. Hakutabasamu. Alisema hataki meno, anataka uone ni yeye.

Nilibonyeza mara tano, moja ingemfanya ashuku. Kila mara alivuta pumzi akaishika, kwa sababu nilikuwa nimemwambia asitikisike, na pumzi yenyewe hakuwa nayo. Baada ya mara ya tatu alikohoa, tukangoja, akajipanguza, akakaa tena vilevile.

Tulipomaliza aliuliza, "Nimetoka?"

Nikamwambia umetoka vizuri sana, mama.

Binti yako,
Wamucii