Tangawizi Katika Pindo la Kanga

Baba Kalunde,

Salamu sina. Barua yako kutoka mashamba ya mkonge kule Kilosa imefika. Unasema kifua kimekubana, kipupwe hiki hutakimaliza kambini, unataka kurudi Goweko nikuvishe kama zamani. Kama zamani! Miaka mitatu hukuandika hata mstari, leo umekumbuka nguo.

Basi tukumbushane, maana naona kumbukumbu zako zina matundu kuliko lile sweta lako.

Uliporudi vitani ulinunua baiskeli, ukaanza kupeleka asali Tabora mjini, madebe mawili kwenye keria. Jogoo la kwanza ulikuwa unatoka umetupia kabuti lako la jeshi, ukidhani kabuti peke yake linatosha. Unarudi jioni unakohoa. Mimi ndiye niliyekufundisha kuvaa. Marehemu babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe katika njia hiyohiyo uliyopita na baiskeli, na alituambia wajukuu zake kwamba baridi yenyewe haimuui msafiri, kinachomuua ni jasho linalopoa mwilini. "Vaa nyingi nyepesi," alisema, "na uvue kabla hujalowa."

Ndivyo nilivyokuvisha, miaka kumi na zaidi. Kwanza kanga kifuani, nimeizungusha mara mbili na kuifunga ubavuni. Ilikuwa nusu ya doti aliyonipa mama siku ya harusi. Nusu nyingine nilimbebea Kalunde mgongoni ulipokuwa vitani. Juu ya kanga fulana, kisha shati, kisha gazeti kuukuu la kuzuia upepo, kisha sweta, mwisho kabuti. Ulikuwa unasimama umeinua mikono, mwanamume mzima na masharubu yako, unacheka: "Mama Kalunde, wanifunga kama mzigo wa tumbaku!" Na mimi nacheka. Nakiri kwamba nilikuwa nacheka, na jambo hilo linaniudhi mpaka leo.

Kwenye pindo la kanga nilikuwa nafunga kipande cha tangawizi. Ulijua. Ukifika Kigwa unashuka, unavua kabuti na sweta kabla ya jasho, unafungua pindo, unatafuna, unaendelea. Siku moja nilisahau, ukarudi umenuna. "Leo umenipeleka safari bila tangawizi yangu." Tangawizi yako, ulisema kwa mdomo wako mwenyewe.

Sasa ile asubuhi ya Ng'ambo, pale Tabora mjini. Nilisimuliwa na Mzee Salumu, mwenye mgahawa, ambaye si mtu wa kuongeza chumvi. Siku hiyo baridi ilikuwa kali, ukapita Kigwa bila kushuka. Mlikuwa wanne, wote wenye baiskeli, mnakunywa chai. Jua likapanda, ukaanza kuvua. Sweta, gazeti, shati. Kanga ikachungulia chini ya fulana. Wakakucheka mpaka chai ikamwagika. Askari wa Burma kavaa kanga ya mkewe! Mmoja akavuta pindo, kile kipande kikadondoka mezani, kikavu, kimesinyaa.

"Na hii nini, bwana?"

Neno moja tu lingetosha. Tangawizi ilikuwa hata kwenye chai mliyokuwa mkinywa! Wewe ukaangalia chini ukasema, "Sijui. Labda mke wangu ananifanyia mambo." Kicheko kikakatika. Ulikuwa umepona. Kisha, ili waone kwamba kweli wewe ni mwanamume, ukaivua kanga ya mama yangu ukafutia mnyororo wa baiskeli, ukaitupa.

Maneno yako yalifika Goweko kabla yako. Kisimani wanawake walianza kusogeza ndoo zao nikifika. Nawe kwa aibu ukawa unaendesha na kabuti tu juu ya ngozi, ukilowa jasho, ukipigwa na upepo, mpaka kichomi kikakuangusha. Wiki tatu nilikukanda na kukunywesha uji. Jirani zako walisimama mlangoni wakinong'ona kwamba nimekuroga na sasa najifanya kukuuguza. Ulikuwa macho. Uliwasikia. Ukageukia ukutani. Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hupiga hadharani. Wewe ulipopata nguvu ulipanda treni bila kuaga.

Nilikuchukia, na bado nakuchukia. Ningeweza kukaa na chuki yangu kimya mpaka kaburini. Lakini Kalunde amepata mchumba, kijana wa Puge, wanapendana. Wazazi wa kijana wametuma mtu kuuliza kama ni kweli mama wa binti ni mchawi, na kama baba yake mzazi ndiye aliyesema. Nikikana mimi, nani atanisikiliza? Mchawi gani hujitaja? Walikuamini wewe kwa sababu ulikuwa mume wangu, kwa hiyo ni wewe utakayewajibu.

Sikiliza. Treni yako itapita Goweko kwanza. Usishuke. Hata ukituona stesheni, usishuke. Pitiliza hadi Tabora, nenda Ng'ambo kwa Mzee Salumu Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, asubuhi. Wenzako bado wanakunywa chai palepale, na wajumbe wa Puge watakuwepo, nimewaalika. Ndani ya bahasha nimekuwekea kipande. Kitoe mezani, sema ni nini, sema ulijua, kisha kitafune mbele yao. Nakala ya barua hii anayo Mzee Salumu. Usipofika, ataisoma yeye kwa sauti, na watajua kwamba uliitwa.

Ukishasema, njoo nyumbani umwone mwanao. Fulana, shati, sweta na kabuti nimezifua, ziko kwenye sanduku. Utavaa mwenyewe. Kanga usiiulizie. Mzee Salumu aliiokota akanirudishia, na doa la mnyororo halikutoka. Nimeiunganisha na nusu yake, na Kalunde anaondoka nayo.

Mimi niliyekuwa nikikuvisha,
Mama Kalunde