Maneno Uliyomwachia Kibet

Mama,

Sijakuandikia tangu tukuzike kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia. Uliniachia ng'ombe wawili, majani ya chai yasiyongoja mtu, na mtoto wangu mwenyewe asiyenijua.

Cherehani yangu bado iko mjini Sosiot, nilikokuwa nikishona, imefunikwa gunia. Mimi niko hapa. Nikimaliza kukamua nashika kikapu, nikitoka kuchuma ni kuni, na mvua ikianza tunakaa jikoni mimi na Kibet tukitazamana kama watu waliogombana. Siku nyingine natamani kutoka nitembee tu mpaka barabara ya lami, nisirudi. Nakwambia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka nilikuwa nakuja Jumapili tu. Nakukuta unachambua maharagwe, Kibet kando yako, na wewe unamweleza habari za kijiji chote kwa Kikipsigis: ng'ombe aliyepiga ndoo teke, jirani aliyekataa kufunga fensi. Unanyamaza kidogo, yeye anapiga ba-ba-ba yake, unamwitikia, unaendelea. Nilikucheka. Nikakuuliza unamhubiria nani, na huyo haelewi kitu. Ukaniambia nisiwaingilie, mnaongea.

Ulipokufa nikaamua kumlea kisasa. Kiswahili tu, akienda shule asichekwe kama nilivyochekwa mimi. Kibet, njoo. Kibet, kaa. Kibet, lete kikombe. Ananitazama tu. Ile ba-ba-ba ikapungua, halafu ikaisha kabisa. Ana mwaka mmoja na miezi minne, na nyumba kimya. Nikagonga sufuria nyuma ya kichwa chake, akageuka, kwa hivyo si kiziwi. Shangazi Rael akasema labda ulimi umefungwa. Mimi niliona ni adhabu yangu, kwa zile Jumapili.

Nikampeleka kliniki ya Kaplong. Nesi alikuwa mama wa makamo, hana haraka. Aliangusha kofia ya Kibet chini, akamwambia kwa Kikipsigis aiokote ampe. Mama, aliinama akaiokota. Akaambiwa aonyeshe pua, akaonyesha. Akaulizwa ng'ombe analiaje, akacheka. Mimi nilikuwa nimekaa hapo na mkoba mapajani, ninalia mbele ya watu.

"Huyu hana shida," nesi akaniambia. "Mtoto anaanza kushika sauti ya watu wake hata kabla azaliwe. Anaweka maneno mengi ndani kabla atoe moja. Kiswahili pia atashika, lakini wewe unampea amri tu, na ile lugha anajua umemnyang'anya. Ongea na yeye. Ngoja akujibu, hata na macho."

Miezi yote hiyo nilidhani mimi ndiye niliyefungiwa ndani. Kumbe nilikuwa nimemfungia yeye.

Nilijaribu siku hiyo hiyo. Ikawa ngumu kuliko nilivyofikiri. Kila neno la kwetu lilinitoka kwa sauti yako, nikawa naanza na kukatika, naanza na kukatika, Kibet akinitazama mdomo. Nikaona afadhali nimwambie ninachofanya. Nikamweleza tunavyochuma chai, majani mawili na chipukizi. Nikamweleza cherehani. Nikamwambia nimechoka na Shangazi Rael, na hilo ndilo lililomfurahisha. Siku ya nne, mgongoni, katikati ya mistari ya chai, akapiga ba-ba. Akangoja. Nikamwitikia.

Juzi asubuhi nilikuwa nakamua. Alishika mti wa zizi, akanitazama usoni, akasema wazi, "Kogo." Nyanya. Jina lako.

Iliniuma, Mama, sitakuficha. Nilikuwa nangoja langu. Shangazi Rael, aliyekuwa amekuja kuchukua maziwa, aliniangalia kuona kama nitamrekebisha. Mikono yangu ilikuwa imesimama, ng'ombe anageuza kichwa kushangaa, na mtoto bado ananingoja, hajaniondolea macho. Nikaona nikimkataza, huenda asitoe lingine. Nikamrudishia neno lake: Kogo.

Siwezi kukuahidi kwamba nitaipenda nyumba hii. Bado inanibana. Ninachokuahidi ni kwamba haitakuwa kimya tena, na kwamba nitamweleza wewe ulikuwa nani, kwa lugha uliyomfundishia, mpaka aweze kuniuliza mwenyewe.

Lala salama, Mama. Ameamka, anaita Kogo huko ndani. Wacha niende nimwitikie.

Binti yako,
Chebet